Ombi la Kurudishiwa Kelele za Pikipiki Yangu

Rubeni Mwasomola,
Karani wa Mizani (Mstaafu),
Ikuti, kupitia sanduku la usharika,
Tukuyu.

Agosti, 1998

Meneja,
Duka la Vipuri la Tunu,
Mwanjelwa, Mbeya.

Ndugu Meneja,

YAH: SHOKAPU ULIZONIUZIA KUFANYA KAZI VIZURI KUPITA KIASI

Natumaini barua hii itakukuta ukiwa mzima na duka lina wateja. Mimi si mzima sana, ila si wa kulazwa.

Huenda hunikumbuki. Mimi ni yule mzee mfupi aliyekuja dukani kwako mwezi wa Juni, amevaa koti la suti na gambuti, akaulizia shokapu mbili za nyuma za pikipiki ambayo ulisema hujawahi kuiona Mbeya nzima. Nilipokuchorea kwenye kipande cha boksi ulicheka kidogo. Sikukasirika. Hata mke wangu Atupakisye alicheka siku ya kwanza alipoiona, na yeye tumefunga naye ndoa kanisani.

Pikipiki yenyewe ni ile ndefu ya kukaa umeegemea, usukani umepanda juu, kiti kimelala chini, miguu inatangulia mbele. Ilikuwa ya mhandisi mmoja Mzungu wa kiwanda cha chai nilikofanya kazi. Kiwanda kilipopata wenyewe wapya, katika haya mambo ya soko huria, mhandisi akafungasha akarudi kwao na pikipiki ikapigwa mnada. Wenzangu niliostaafu nao walinunua vitu vya maana, kama mabati, kabati na pampu ya maji. Mimi nilinunua pikipiki isiyoweza kubeba hata mkungu mmoja wa ndizi. Nilipoambiwa haifai kwa milima ya Rungwe nilijibu kwamba siku hizi kila kitu ni ruksa, na kama watu wanaruhusiwa kuvaa viatu vya mitumba vya wanamuziki wa Ulaya, hakuna sheria inayonizuia mimi kwenda Tukuyu nikiwa nimelala. Kijijini wakaipa jina, wakaiita Kochi. Mimi mwenyewe wananionaje nilikuwa sijui, mpaka uliponiuzia bidhaa yako.

Shokapu zake za zamani zilikuwa zimekwisha. Mafuta yalishavuja yote, springi zimechoka, bushi zimebaki jina tu. Mvua za Elnino zilipomaliza kuichimba barabara yetu, kila shimo lilikuwa linafika mgongoni kwangu bila kupungua. Ya kushoto ilikuwa inagonga chuma kwa chuma. Ya kulia ilikuwa inalia kila inapojaribu kurudi juu. Kutoka kona ya juu hadi uwanjani kwangu watu walikuwa wanasikia ko, wiii, ko, wiii, na hakuna aliyeuliza nani anakuja. Mimi nilidhani ule ni ubovu. Ndiyo maana nikaja kwako.

Sasa naomba niyataje malalamiko yangu moja baada ya jingine, ili usije ukasema mzee ameandika kwa hasira.

LA KWANZA. Ulisema kweli. Uliibonyeza ile shokapu kwa kiganja ukaniambia, "Mzee, ukifunga hizi utadhani upo sebuleni kwako." Tangu enzi za kupanga foleni ya sabuni mpaka leo hii maduka yamefurika, sijawahi kununua kitu kikawa kama alivyosema mwuzaji. Maneno yako niliyachukulia kama maneno ya biashara. Ungenidanganya kiasi cha kawaida leo nisingekuwa na shida yoyote.

Kufunga hakukuwa na matata. Fundi Meshaki, mwenye banda lake nyuma ya soko la Tukuyu, aliiinua Kochi juu ya gogo, akakuta boliti za juu zimeshikana kwa kutu, akazimwagia mafuta ya taa, akaenda kunywa chai. Aliporudi zilikuwa bado zimegoma, akazipiga nyundo. Tundu za shokapu mpya zikawa pana kuliko boliti, akachonga bushi kutoka kwenye kipande cha bomba la maji. Mpaka hapo sina neno. Kisha akaniuliza uzito wangu, kwa kuwa shokapu zako zina ile pete ya kukazia springi, nayo hukazwa kulingana na uzito wa mpandaji. Nilimwambia kilo tisini. Mtu mwenye pikipiki kama ile, Ndugu Meneja, hawezi kutaja chini ya hapo mbele ya watu. Meshaki aliniangalia, akaliangalia koti langu, akakaza.

Sikufika hata Kawetele. Kila tuta lilinirusha, na mara moja nilitua juu ya tangi. Niliporudi Meshaki alifuta mikono. Alinishika mkono mpaka kwa wanunuzi wa viazi akaniomba nishike ndoana ya mizani. Mimi niliyewapimia watu chai miaka yote ile, na kuwakata uzito wa kapu mbele ya macho yao, nilining'inia pale na gambuti zangu. Kinamama niliokuwa nikiwapimia majani walisogea kusoma wenyewe. Mmoja akashauri kapu litolewe kwanza ili uzito upatikane wa haki. Meshaki akailegeza pete mpaka mwisho wake.

Na tangu hapo Kochi likanyamaza.

LA PILI. Hapa inabidi nikueleze tabia ya barabara yetu. Kutoka kona ya juu hadi kijijini ni mteremko mtupu. Mimi nikifika pale huzima injini nikaiacha pikipiki iteremke yenyewe, kama wafanyavyo watu wote wenye akili tangu bei ya petroli ilipoachiwa ipande inavyotaka. Zamani injini ikizimwa zilibaki shokapu za kutangaza. Sasa injini imezimwa na shokapu hazisemi. Mzee mzima anapita amelala, koti linapepea, na hakuna anayejua.

Mimi ni mzee wa kanisa. Kwa muda mrefu nimekuwa nikitoa taarifa barazani kwamba kijijini kwetu unywaji wa kimpumu, ile pombe yetu ya ulezi, umekwisha kabisa. Nilitoa taarifa hizo kwa moyo safi, kwa sababu kila nilikopita nilikuta watu wanakunywa chai. Wiki ile ile ya shokapu mpya niliteremka nikapitia nyuma ya nyumba ya Hosea, mzee wa kanisa mwenzangu, ninayekaa naye benchi moja kila Jumapili. Nilikuta chungu katikati, mirija imesimama ndani yake, na wanaume wamekizunguka wakifuta machozi kwa kicheko. Hosea alikuwa anaigiza mtu. Alikuwa amekaa hewani, mikono juu, miguu mbele, kidevu kimeinuliwa, uso umejaa heshima, na kwa mdomo anasema ko, wiii, ko, wiii.

Nilisimama nikijaribu kukisia ni nani anayeigizwa, na nilipomjua nilitamani nisingemjua. Kinachoniuma ni kwamba alikuwa anaigiza vizuri sana. Hata ile namna yangu ya kusalimia kwa kidole kimoja bila kuachia usukani aliipata. Sasa sijui nizifute zile taarifa zangu zote za barazani au nizinyamazie, na Jumapili Hosea ananisogelea kwenye benchi kwa upole ambao hakuwa nao zamani.

Hayo mawili ningeyavumilia. Ni la tatu linaloniondolea usingizi.

LA TATU. Kwa lafudhi yako nadhani wewe ni mtu wa kutoka mbali, hivyo nitakueleza taratibu. Kwetu sisi Wanyakyusa, wewe na mke wa mwanao hamkutani. Si ugomvi, ni heshima. Yeye akisikia unakuja huingia migombani mpaka upite. Wewe ukisikia sauti yake hugeuza njia, na kama hakuna njia ya kugeuza unatazama mlima. Hamsemeshani, hamkai chumba kimoja, na jina lako yeye halitamki. Najua vijana wa mjini wameliacha jambo hili, na mchungaji wetu anasema halimo kwenye Biblia. Lakini mimi na mkamwana wangu Tulia tumelishika, na tumeishi kwa amani kubwa, nyumba yao chini kidogo ya yangu, tangu alipoolewa na mwanangu Ambindwile. Mjukuu wangu Lusungu, ambaye ameshaanza shule, ndiye njia yetu ya mawasiliano. Tulia akipika ndizi zikakubali, Lusungu ananiletea bakuli. Mimi nikipata parachichi lililoiva sawasawa, Lusungu anampelekea mama yake. Sura ya Tulia nilikuwa siijui. Nilikuwa namjua kwa chumvi yake, na nampenda kama binti niliyemzaa.

Sasa jiulize mpango huo wote ulikuwa unaendeshwa na nini. Ulikuwa unaendeshwa na shokapu mbovu.

Mara ya kwanza tulikutana kwenye njia nyembamba, ukuta wa udongo upande huu, mashamba ya chai upande ule, naye ana mzigo wa kuni kichwani. Alinisikia nikiwa nimeshafika. Aliutupa mzigo akarukia ndani ya chai. Mimi, kwa kufuata heshima, niligeuza uso nikatazama Mlima Rungwe, na kwa kuwa nilikuwa natazama mlima sikuuona mtaro. Niliingia mtaroni nikatokea upande wa pili bila kuanguka. Shokapu zako zilifanya kazi nzuri sana pale, jambo ambalo lilinikera.

Mara ya pili ilikuwa bombani. Hakuwa na pa kukimbilia, akaamua kujifunika uso kwa ndoo. Ndoo ilikuwa imejaa.

Mara ya tatu naandika huku nikiona aibu. Nilikuwa nateremka kuja kwangu, na kwa kuwa Kochi siku hizi linatiririka tu, lilipitiliza geti langu likaenda kusimama kwenye uwanja wa nyumba ya mwanangu. Tulia alikuwa amenipa mgongo, anapepeta maharage huku akitikisa kichwa kama mtu anayeimba kimoyomoyo. Aligeuka. Kati yake na gurudumu langu la mbele kulikuwa na nafasi ya ungo mmoja. Tulitazamana, Ndugu Meneja. Ana kovu dogo juu ya nyusi, na mwanya ambao Lusungu ameurithi, nami siku zote nilidhani mwanya ule ameutoa upande wetu. Kwa kuchanganyikiwa nilifungua mdomo nikasema, "Shikamoo."

Naomba ulifikirie hilo. Mzee wa miaka sitini na moja, mzee wa kanisa, amevunja mila ya babu zake, na katika kuivunja akamwamkia mkamwana. Hata heshima niliyokuwa naivunja sikuivunja kwa mpangilio.

 Tulia alijiziba uso kwa ungo, akaingia ndani. Kabla jua halijatua alimchukua Lusungu, wakaenda kwa wazazi wake Matwebe. Siku chache baadaye ukaja ujumbe kutoka huko, wa heshima kabisa, ukiuliza ni kwa nini baba mkwe anamnyemelea binti yao. Wazee wa pande zote mbili wataketi Jumamosi ijayo kunisikiliza.

Neno hilo, kunyemelea, limenikalia kifuani. Nimepima chai ya wilaya nzima bila kuitwa mwizi, ukiacha yale makapu. Leo ninaitwa mtu anayemvizia mke wa mwanawe. Ambindwile hanigombezi. Anakuja jioni, anakaa, ananiuliza hali, anaondoka, na angenigombeza ningepata nafuu. Bakuli haliji. Maparachichi yanaoza juu ya meza yangu kwa sababu hakuna wa kuyapeleka mahali. Nina huzuni, na sikuja kwako kununua huzuni.

LA NNE. Usidhani nimekaa bila kujitetea. Nilijaribu honi, lakini betri ya Kochi injini ikizimwa hutoa sauti ya mtu anayekaribia kupiga chafya akaghairi. Nikanunua kengele ya ng'ombe nikaifunga nyuma ya kiti. Siku hiyo hiyo ng'ombe wa jirani walikata kamba wakanifuata hadi uwanja wa kanisa, wakakataa kuondoka mpaka nilipoivua.

Ndipo nikaamua kuimba. Mimi kwenye kwaya ni sauti ya tatu. Kwa bahati mbaya wimbo pekee ambao najua beti zake zote bila kitabu ni ule tunaouimba tukipeleka mtu makaburini, kwa sababu huo ndio tunaouimba mara nyingi. Niliteremka nao kuanzia kona ya juu, kwa sauti ya kutosha, kisha nikapitia dukani kununua chumvi nikakawia kidogo kwa mazungumzo. Kwetu, Ndugu Meneja, mtu mzima akipita barabarani siku ya kazi akiimba wimbo ule, hakuna anayemsimamisha kumuuliza. Watu huacha walichokuwa wanafanya wakaanza kazi za msiba. Nilipofika nyumbani nilikuta wanawake wameshatandika majani ya migomba, wanaume wameleta kuni na majembe, mikungu ya ndizi imelala uani, na sufuria kubwa ya kanisa iko jikoni. Atupakisye alikuwa anasaidiwa kulia, kwa maana walimwambia marehemu ni mimi. Nakiri kwamba hilo lilinifariji. Aliponiona naingia na paketi ya chumvi aliendelea kulia, lakini sasa alikuwa ananitazama mimi.

Watu wakishakuja msibani hawarudi bila kula. Tulipika. Hosea alitoa neno la faraja, na aliposema marehemu alikuwa mtu mwenye kusikika, watu waliinamisha vichwa na mabega yao yakatikisika.

LA TANO. Kuna watu wenye fikra nyepesi, akiwemo mke wangu, fundi Meshaki, mchungaji, na mwanamke mmoja nisiyemjua aliyekuwa anapita tu, ambao wameshauri kwamba nisizime injini mteremkoni. Naomba nilijibu jambo hili mara moja, nawe ukikutana nao uwaambie. Mteremko ule haukuwekwa na mtu. Umeumbwa pale ili mtu ashuke bure. Kuwasha petroli ya kununua ili ushuke mahali ambapo jiwe lenyewe linashuka bila petroli ni ukosefu wa shukrani. Zaidi ya hapo, nikikubali kuacha injini iwake, itaonekana kwamba tangu mwanzo kosa lilikuwa langu, na barua yote hii itakuwa haina kazi. Kwa hiyo ushauri huo nimeukataa.

Kwa kuzingatia hayo yote, naomba ofisi yako inifanyie yafuatayo.

Kwanza, unitafutie shokapu mbili mbovu, zilizokwisha sawasawa, zisizotengenezeka. Sitaki zilizochoka nusu. Ya kushoto na ya kulia zitofautiane sauti, maana watu wa kwetu wamezoea hivyo. Zile zangu za zamani Meshaki alimpa mtu, naye amezichomelea kwenye geti lake, na sasa geti lile likifunguliwa watu wanasimama kunisalimia.

Pili, boksi la bidhaa yako liandikwe onyo, kwa Kiswahili na kwa Kinyakyusa, kwamba shokapu hizi hunyamazisha chombo na zisifungwe na mwanamume mwenye mkamwana.

Tatu, na hili ndilo ninalokusihi ukiacha mengine yote, uniandikie barua kwenye karatasi ya duka, yenye sahihi na muhuri, ielekezwe kwa wazee wa Matwebe. Uwaeleze kwamba ukimya ule ulitoka kiwandani, kwamba ndani ya shokapu mna gesi na mafuta ya namna ya pekee, na kwamba mzee Rubeni Mwasomola alipokuja kununua hakuulizia kitu chochote cha kunyemelea. Mimi nikijitetea mwenyewe wataniona mjanja. Muhuri wataukubali. Nataka Tulia arudi nyumbani kwake bila kuogopa, na nataka asikie kutoka kwa mtu mwingine kwamba mimi si mtu wa hivyo. Ningemwambia mimi mwenyewe, lakini unaona tatizo lilipo.

Naomba ijibiwe kabla ya Jumamosi, kupitia basi lolote linalokuja Tukuyu, mkabidhi kondakta.

Naomba nisikuchoshe zaidi. Nisalimie wafanyakazi wako wote, hasa yule binti wa kaunta aliyenipa kiti kabla hajajua nimekuja na nini. Msalimie pia mzee niliyemkuta anasubiri klachi, kama bado anasubiri. Atupakisye anakusalimu, ingawa amesoma barua hii hadi la tano akasema yeye hayumo. Meshaki anakusalimu na anasema bidhaa zako ni nzuri.

Wako katika kero na heshima,

R. Mwasomola
Karani wa Mizani (Mstaafu)

NYONGEZA. Ndugu Meneja, barua hii naituma kwa sababu stempu nilikuwa nimeshaibandika, lakini yote yaliyo hapo juu uyasome kama hayakuandikwa, isipokuwa salamu. Shokapu mbovu usizitafute. Barua ya muhuri usiiandike. Badala yake naulizia kama una springi za mbele za aina hiyo hiyo, za kimya, kwa maana mbele bado ni ngumu, na leo asubuhi ugumu ule niliuona wazi.

Niliitwa Matwebe asubuhi hii. Lusungu alianguka kutoka juu ya mparachichi, mguu umevunjika chini ya goti. Walishamfunga vijiti, lakini gari hakuna, na kumbeba kwenye machela kwa barabara ile mtoto angepiga kelele mpaka hospitali. Nilikwenda nikiwa nimeacha injini inawaka njia nzima, milimani na miteremkoni, ili asiwepo hata mmoja wa kusema sikusikika. Walinisikia. Walikuwa wamesimama nje wote, na Tulia amekaa chini katikati yao, kanga kichwani, mtoto mapajani. Lusungu hakutaka kushikwa na mwingine. Alilia mama, mama, kila mtu alipomgusa. Wale wazee waliokuwa wanisikilize Jumamosi walitazamana, kisha wote kwa pamoja wakatazama mlima. Baba yake Tulia akaniambia niinamishe macho, nikayainamisha, na nilipohisi kiti kimeshuka nyuma yangu nikajua amepanda.

Vioo nilivigeuzia nje. Niliendesha kama mtu aliyebeba mayai ya kijiji kizima. Mashimo yalikuwa yanaishia mikononi mwangu bila kufika nyuma, lakini injini ya Kochi inatikisa, na kila ilipotikisa mtoto alilia kwa maumivu, nami nililia naye bila sauti. Kwenye mteremko wa kwanza nilizima, kwa mazoea tu, sikufikiri. Pakawa kimya. Lusungu akalegea, akaacha kulia, na nikamsikia mama yake nyuma ya mgongo wangu akimwimbia polepole. Kumbe ndiyo sauti yake. Chini ya mteremko niliwasha, mtoto akaamka na kilio chake, tukapanda kilima kile naona ni kirefu kuliko maisha yangu.

Tulipofika juu, mbele yetu kukawa na mteremko mwingine, mrefu. Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye ufunguo. Kisha nikakumbuka kunyemelea, na ungo, na ndoo, nikaona nisithubutu, nikaiacha injini iwake.

Nikaguswa begani. Alisema kwa Kinyakyusa, nakuandikia kwa Kiswahili. Alisema, "Baba, zima, mtoto alale."

Nilizima.